LSU, Vanderbilt, UCLA au Fullerton: mchezaji wako asome wapi kwenye Road to the Show?

Kwenye kasha la MLB The Show 25, gemu ya besiboli ya Marekani, kuna vijana watatu. Paul Skenes amepitia chuo kikuu. Gunnar Henderson alichukuliwa na Baltimore Orioles mwaka 2019 akitokea sekondari. Elly De La Cruz alisaini na Cincinnati Reds akiwa bado kijana mdogo kwao Jamhuri ya Dominika, habari za chuo hata hazikumhusu. Njia tatu, na wote wamefika ligi kuu. Kwa hiyo ukikwama kwenye skrini ya ofa, kidole kiko juu ya kitufe na moyo unadunda, tulia. Hapo hakuna kosa la kuua safari.

Ila kuna uchaguzi unaonogesha safari, na kuna ule unaoifanya ichache wiki ya pili. Mimi mara ya kwanza niliharibu. Nilitengeneza mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji), jitu la miraba minne, polepole kama gari la mkaa, nikampeleka chuo kwa sababu nilipenda rangi ya jezi. Nilipokuja kusoma historia ya chuo chenyewe, nikakuta ni watu wa mbio na ujanja. Kijana wangu pale alionekana kama kabati lililovalishwa kofia.

Toleo la 2025 ndilo lililoleta shule na vyuo halisi kwenye Road to the Show, ile sehemu ya gemu unapofuata safari ya mchezaji mmoja uliyemtengeneza. Unaanza sekondari, wasaka vipaji wanakuangalia, ofa zinakuja, kisha unaamua: uende chuo au uingie moja kwa moja kwa wanaolipwa. Vyuo vya toleo hilo ni vinane: LSU, Vanderbilt, Tennessee, South Carolina, Texas, TCU, UCLA na Cal State Fullerton. Hapa nitavipima kwa kina vinne, kwa sababu kila kimoja kina tabia yake isiyofanana na ya mwenzake, na ukishaelewa hivyo vinne, vilivyobaki utavisoma haraka.

## Tunapima kwa nini

Kipimo cha kwanza na kikubwa ni mchezaji unayemtengeneza. Amua kabla hujatazama nembo yoyote: ni mrushaji, mpigaji wa nguvu, mpigaji wa kugusagusa na kukimbia, mlinzi wa uwanjani, au wale wa kazi mbili wanaorusha na kupiga? Vyuo hivi, kwenye maisha halisi, vina aina ya watu wanaowatoa mwaka hadi mwaka, na hiyo ndiyo sababu ya kupenda chuo kimoja kuliko kingine.

Cha pili ni Omaha. Huo ni mji wa Nebraska ambako fainali za vyuo huchezwa tangu 1950. Timu nane hufika, na mbili za mwisho hukutana kwenye fainali ambayo anayeshinda mechi mbili ndiye bingwa. Mchezaji wa chuo huota Omaha kama mchezaji wa ndondo anavyoota fainali yenye spika na ng'ombe wa zawadi.

Cha tatu ni mazingira: wapinzani, mashabiki, na ndiyo, rangi za jezi. Nimejicheka hapo juu, lakini utaitazama jezi hiyo jioni nyingi. Usijidanganye kwamba haina uzito.

Kisichokuwa kipimo ni timu ya ligi kuu unayoishabikia. Kwenye uhalisia chuo hakikupeleki Yankees wala Dodgers. Siku ya drafti (si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe) timu ndizo zinazochagua, wewe unasubiri jina lako liitwe.

Na kabla hujabonyeza, soma ofa yenyewe neno kwa neno. Watu wengi huruka maandishi, halafu wanakuja kulalamika.

## LSU Tigers, Baton Rouge, Louisiana

Wanaotoka hapo. Skenes ndiye jina la siku hizi. Alianza kwenye chuo cha jeshi la anga akirusha na kudaka, akahamia LSU kwa msimu mmoja wa 2023, akawatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, rekodi ya SEC, ile ligi ya vyuo vya kusini-mashariki. Mwezi Julai Pittsburgh Pirates wakamchagua wa kwanza kabisa, na wa pili akawa Dylan Crews, mwenzake wa LSU. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo wachezaji wa chuo kimoja kuchukua namba moja na namba mbili mwaka mmoja. Nyuma yao kuna Alex Bregman na Aaron Nola. Kwa hiyo LSU hutoa warushaji, lakini roho ya chuo ni gongo. (Gongo la kupigia, jamani, lile la chupani ni mada nyingine.) Mwaka 1997 walipiga homu rani (mipira inayovuka ukuta) 188 kwa msimu, na hakuna chuo kilichozifikia mpaka leo.

Omaha. Ubingwa mara nane: 1991, 1993, 1996, 1997, 2000, 2009, 2023 na 2025. Ule wa 1996 ndio wa kusimuliwa. Ngwe ya tisa, ya mwisho, auti mbili tayari na ya tatu inamaliza mchezo, LSU wako nyuma kwa pointi moja dhidi ya Miami na kuna mtu besi ya tatu. Anakuja Warren Morris, ambaye msimu mzima hakuwa amepiga homu rani hata moja. Akapiga. Mchezo ukaisha 9 kwa 8. Na wa 2023 una vituko vyake: fainali ya pili Florida waliwachapa LSU 24 kwa 4, kesho yake LSU wakarudi na kushinda 18 kwa 4.

Mazingira. Zambarau na dhahabu, kelele, na mashabiki wanaojaza uwanja wa chuo kama wa timu ya kulipwa. Ligi yao ni ngumu kuliko zote: kuanzia 2019 hadi 2025, ukiacha 2020 ambapo fainali zilifutwa kwa korona, kila bingwa ametoka SEC.

Anafaa nani. Anayependa mpira uvuke ukuta, na mrushaji wa kasi anayetaka jukwaa kubwa. Hatafurahi anayependa kuanza chini na kupanda taratibu. Hapa unakuta meza imeshatandikwa, na ukishinda wanasema, kwani ni jambo jipya?

## Vanderbilt Commodores, Nashville, Tennessee

Wanaotoka hapo. Warushaji, warushaji, halafu warushaji. David Price alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2007. Sonny Gray, Walker Buehler, Kumar Rocker, Jack Leiter, wote wamepita mikononi mwa kocha Tim Corbin, aliyekabidhiwa timu msimu wa 2003. Rocker mwaka 2019 aliwafanyia Duke kitu cha kutisha kwenye mchujo: hakuna hata mmoja aliyempiga pigo halali, na kumi na tisa aliwatoa kwa straiki tatu. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Upande wa wapigaji wapo pia, Dansby Swanson alichaguliwa namba moja mwaka 2015, lakini ukisema Vanderbilt mbele ya mpenzi wa besiboli, anachokiona ni mtu amesimama kwenye kichuguu cha kurushia anakutazama bila kupepesa.

Omaha. Mara mbili, 2014 na 2019. Fainali ya 2014 inaieleza timu nzima. Wamefungana na Virginia, ngwe ya nane, John Norwood anapiga homu rani, wanashinda 3 kwa 2. Hiyo ilikuwa homu rani ya 22 tu kwa timu nzima msimu ule. LSU ya 1997 ingeziona kama chenji ya daladala.

Mazingira. Nyeusi na dhahabu. Chuo chenyewe kina sifa ya masomo magumu, na timu inacheza kwa nidhamu ya shule ya bweni. Wapinzani ni walewale wa SEC, tena Tennessee ni jirani wa jimbo moja, kwa hiyo ugomvi wa nyumbani haukosekani.

Anafaa nani. Mrushaji anayetaka kuwa sehemu ya ukoo. Pia mtu wa katikati ya uwanja anayejua kazi yake ni kulinda pointi moja. Ukiwa mpigaji wa nguvu unaweza kwenda, hakuna anayekuzuia, ila utakuwa unaandika hadithi yako mwenyewe badala ya kuendeleza ya wazee.

## UCLA Bruins, Los Angeles, California

Wanaotoka hapo. Gerrit Cole, na kisa chake kinafaa kusomwa na kila anayekwama kwenye skrini ile. Mwaka 2008 Yankees walimchagua raundi ya kwanza akiwa sekondari. Akawakatalia, akaenda UCLA. Miaka mitatu baadaye Pirates wakamchagua namba moja kabisa. Na Desemba 2019 Yankees walewale wakampa mkataba wa miaka tisa wenye thamani ya dola milioni 324. Kuna watu kusubiri kunawalipa. Chase Utley, mmoja wa walinzi bora wa besi ya pili wa enzi zake, naye ni wa hapo.

Halafu yupo Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi wa rangi ligi kuu mwaka 1947 na Brooklyn Dodgers. Alicheza michezo minne UCLA, na besiboli ndiyo iliyomshinda zaidi. Msimu wake wa 1940 wastani wake wa kupiga ulikuwa .097, yaani hata pigo moja kwa kila majaribio kumi halikufika. Uwanja wa chuo leo unaitwa kwa jina lake. Mchezaji wako akianza chuo kwa kuzubaa, mkumbuke huyo.

Omaha. Mara moja, 2013, chini ya kocha John Savage. Wapigaji wao walikuwa wa kawaida sana. Wakaruhusu pointi nne tu kwenye mechi tano. Mwaka 2010 walifika fainali wakafungwa na South Carolina.

Mazingira. Buluu na dhahabu, jua la California, na tangu 2024 wamo kwenye ligi ya Big Ten, yaani mtoto wa pwani ya magharibi anasafiri mpaka kwenye baridi ya kaskazini kucheza mechi za ligi. Umaarufu wa UCLA umetokana zaidi na mpira wa kikapu. Besiboli hapo ni mtoto wa pili kwenye nyumba ya kaka maarufu.

Anafaa nani. Mrushaji anayetaka kuwa nyota peke yake, si mmoja kati ya kumi kama Vanderbilt. Na yeyote anayetaka hadithi yenye historia nzito kuliko makombe. Ukihesabu vikombe tu, hutaelewa kwa nini watu wanakuja hapa.

## Cal State Fullerton Titans, California

Wanaotoka hapo. Nitakiri upendeleo: hiki ndicho chuo kinachonivutia kuliko vyote, kwa hiyo soma sehemu hii ukiwa umenishuku kidogo. Fullerton ni chuo cha umma kisicho na majina makubwa wala majengo ya fahari. Kilichowabeba ni ujanja wa uwanjani: kugusa mpira kidogo udondoke karibu, kuiba besi, kumsogeza mwenzako hatua moja, kumchosha mrushaji mpaka akosee. Kocha Augie Garrido aliujenga mtindo huo na kuwapa ubingwa mara tatu.

Tim Wallach, Justin Turner na Matt Chapman wote wametoka hapo na wote walikuja kung'ara besi ya tatu ligi kuu. Kurt Suzuki, mdakaji, alifika chuoni bila ufadhili wa masomo. Na kwa wale wa kazi mbili, hiki ndicho kituo chenu: Mark Kotsay alikuwa akicheza nje ya uwanja na kuja kumalizia mechi kama mrushaji, na Michael Lorenzen alifanya vivyo hivyo miaka ya baadaye.

Omaha. Mara nne: 1979, 1984, 1995 na 2004. Ya mwisho ilikuwa tamu na chungu. Garrido alishahamia Texas, na fainali ikawakutanisha. Kocha George Horton, aliyekuwa msaidizi wake, akamfunga mzee wake mechi mbili kwa sifuri, na Suzuki ndiye aliyepiga pigo la ushindi.

Mazingira. Buluu iliyokolea na rangi ya chungwa. Ligi yao, Big West, haina kelele za SEC, na Omaha hawajaigusa tangu 2017. Kwa anayetaka kuchukua timu iliyolala na kuiamsha, hiyo si kasoro.

Anafaa nani. Mpigaji mwepesi, mdakaji mwerevu, mlinzi wa besi ya tatu, mtu wa kazi mbili. Pia yeyote aliyekulia timu ya mtaa na bado ana kinyongo kitamu na timu zenye hela. Asije mpigaji wa homu rani tu. Niliyosema kuhusu kabati lenye kofia, yalitokea hapa.

## Vinne vilivyobaki, kwa haraka

Tennessee ndio wenye njaa mpya. Ubingwa wao wa kwanza ni wa 2024, walipopiga homu rani 184, nne tu pungufu ya rekodi ya LSU. Hapo ndipo Ben Joyce alirusha mpira wa maili 105.5 kwa saa mwaka 2022, karibu kilomita 170, kasi ambayo ukiirusha barabarani trafiki hana pa kuandika. Todd Helton, aliyeingia ukumbi wa heshima mwaka 2024, alirusha na kupiga hapo, na katikati ya hayo alikuwa akicheza pia mpira wa miguu wa Kimarekani. Pima Tennessee mahali pale unapopima LSU: nguvu ileile, vikombe vichache, kiburi kipya.

South Carolina walichukua ubingwa 2010 na 2011 mfululizo. Ule wa kwanza uliamuliwa na pigo la Whit Merrifield, na hilo likawa pigo la mwisho la fainali za vyuo kwenye uwanja wa zamani wa Rosenblatt. Jezi yao ni damu ya mzee na nyeusi. Mtu wa Simba akitafuta wekundu, hapa ndipo pa karibu. Mtu wa Yanga, pole, kijani na njano hakuna kwenye vyuo vyote vinane.

Texas ni wazee wa kijiji. Wameshinda mara sita, kuanzia 1949 hadi 2005, na hakuna chuo kilichofika Omaha mara nyingi kuliko wao. Roger Clemens alikuwemo kwenye kikosi cha 1983. Tangu 2024 wamehamia SEC, kwa hiyo ukiwachagua unapata ukoo wa zamani kwenye mtaa mkali.

TCU ndio pekee kati ya vinane wasio na ubingwa, ingawa walikwenda Omaha miaka minne mfululizo kuanzia 2014 hadi 2017. Jake Arrieta na Matt Carpenter wametoka hapo. Lakini anayenifanya niwaheshimu ni Brandon Finnegan, mrushaji wa mkono wa kushoto. Juni 2014 alirusha Omaha akiwa mwanafunzi, Oktoba mwaka uleule akarusha kwenye fainali za ligi kuu akiwa na Kansas City Royals. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

## Na je, usipokwenda chuo kabisa?

Hii ni chaguo halali, si adhabu. Henderson yuko kwenye kasha kwa njia hiyo. Kwenye maisha halisi, mtu akiingia chuo cha miaka minne kwa kawaida hawezi kuchaguliwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21, na vyuoni hupigwa kwa gongo la alumini ilhali kwa wanaolipwa ni la mbao. Anayeruka chuo anaanza kuzoea mbao mapema, lakini anakosa Omaha, na safari ya ligi ndogo, zile ngazi za chini ya ligi kuu, ina mabasi marefu na viwanja visivyo na watu. Kama gemu unaicheza nusu saa kwa siku baada ya kazi, na shabaha yako ni ligi kuu tu, ruka. Kama una muda wa wikiendi, hatua ya chuo ni fupi ukilinganisha na miaka itakayofuata, na huwezi kuirudia kwa mchezaji yuleyule.

## Ukiwa hivi, tazama hapa

Unatengeneza mrushaji na unapenda kuwa mwanafamilia: Vanderbilt. Unapenda kuwa jina moja kubwa: UCLA. Unatumia mkono wa kushoto na unataka kuingia ligi kuu kama umeme: kisa cha Finnegan pale TCU kitakupa hamu.

Unapiga kwa nguvu na unataka kelele: LSU, au Tennessee kama unaona LSU wameshiba.

Una mbio, akili na mwili wa kawaida: Fullerton, halafu South Carolina.

Unacheza kazi mbili: Fullerton kwanza, Tennessee ya pili kwa sababu ya Helton. Jiandae tu kwamba mechi zako zitakuwa nyingi, na umeme ukikatika katikati ya ngwe ya saba kabla hujahifadhi, usinilaumu.

Hujui besiboli vizuri na hii ndiyo gemu yako ya kwanza: nenda Texas au LSU. Historia yao ni ndefu, makala na video zao ni nyingi, utajifunza mchezo huku ukicheza.

Mnacheza wawili nyumba moja, wewe na mdogo wako au jirani, kila mtu na mchezaji wake: mmoja achukue Vanderbilt, mwingine Tennessee. Jimbo ni moja, na maneno ya jikoni yatajileta yenyewe.

Na kama ofa unayoitaka haijaja, usikubali ya karibu kwa hasira. Mtazame kwanza mchezaji wako, umri na kimo chake, nafasi anayocheza, halafu usome ofa ulizonazo kwa sauti. Mimi mara ya pili nilifanya hivyo, nikampeleka Fullerton mlinzi mfupi wa besi ya tatu, mwenye mbio na asiye na nguvu hata ya kuvunja muwa. Mpaka sasa yuko ligi kuu, na homu rani zake nazihesabu kwa vidole.